Mvinyo wa Kutema

Mpunguzi, Dodoma
10 Machi 2024

Mwanangu Aneth,

Mbukwenyi! Salamu zikufikie huko kwa Wafaransa. Mimi mama yako ni mzima, mbuzi ni wazima, goti tu ndilo linanisumbua nikiinama shambani, lakini goti si ugonjwa, ni umri.

Nakuandikia kwenye daftari kama kawaida, halafu Dorkasi jirani anapiga picha kwa simu yake ya kupapasa anakutumia. Ya kwako akiipata anaenda kuitoa kwenye karatasi pale steshenari, ananiletea. Anasema hasomi. Namjua Dorkasi. Dorkasi, kama umefika hapa, nirudishie ungo wangu. Kupiga simu sitaki, nikisikia sauti yako nalia, salio linakwisha sijasema hata neno.

Sasa nikuulize. Umeandika kwamba umetolewa kwenye kupogoa mizabibu, umeingizwa kwenye kuonja. Kuonja mvinyo kila siku ya Mungu! Nimekaa na hilo neno wiki nzima. Mimi nimepika pombe ya mtama miaka kumi na minane, nimekulea kwa pombe hiyo mpaka ukaingia chuo kikuu Chimwaga, kwa hiyo kuonja nakujua. Mpishi anakunywa kikombe cha kwanza mbele ya wateja ili waone haina kitu kibaya, anameza, basi, watu wanakunywa. Kikombe kimoja. Wewe unaandika mapipa arobaini. Mtoto wa kike wa kilo hamsini, mapipa arobaini, unarudije nyumbani? Nani anakushika mkono?

Nasema hivi kwa sababu naogopa, siyo kwa sababu nakugombeza. Mwaka wako mmoja wa mafunzo unaisha Septemba, Oktoba uko hapa. Chumba chako nimekipaka chokaa, dirisha nimeweka wavu. Nikiamka nahesabu miezi, nikilala nahesabu tena, kana kwamba kuna mtu ataniibia mmoja. Sina mtoto mwingine, Aneth, unajua.

Kula. Vaa soksi.

Mama yako,
Paskazia


Beaune, Ufaransa
24 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Usiogope, silewi. Hapa mvinyo tunaonja halafu tunatema!

Nikueleze. Saa nne asubuhi, kabla ya kula chochote, tunashuka kwenye ghala lililochimbwa chini ya nyumba. Baridi na giza. Madame Colette, mwenye shamba, anachomeka bomba la kioo kwenye pipa, anavuta kidogo, anatugawia. Unanusa. Unatia mdomoni, unauzungusha, unavuta hewa juu yake kama mtu anayekunywa uji wa moto, unafikiri, halafu unatema kwenye ndoo. Pipa linalofuata, hivyo hivyo. Mama, natema kutwa nzima. Hata nikitembea barabarani mate yanajaa, mdomo unataka ndoo.

Zabibu yenyewe inaitwa pinot noir. Ni nyeusi, ndogo, ngozi nyembamba, inalialia kama mtoto: jua likizidi inanuna, mvua ikizidi inaoza. Hizi za mapipani nilizivuna mimi mwenyewe Septemba ile nilipofika. Wakati wa Krismasi mvinyo wake ulikuwa mkali kama ukwaju. Sasa unaanza kutulia, lakini nimeuzoea ule ukali, nikikosa siku moja nautamani. Na ile ya miaka ya nyuma, iliyokomaa, ina ladha ya udongo. Usicheke. Ni udongo kabisa, ule wa kwetu mvua ya kwanza ikipiga vumbi. Madame alituambia tuchukue udongo wa shambani tuweke ulimini ili tuelewe. Niliweka. Sasa kila shamba nikipita nalamba.

Manukato haturuhusiwi, vitunguu haturuhusiwi. Nimezoea hivyo mpaka mtu akikaanga kitunguu jirani tumbo linanigeuka. Nachoka sana, jioni nalala kama gogo, lakini nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Kuna jambo, mama. Bado ni changa, sitaki kulisema kabla halijawa la uhakika. Likiwa la uhakika wewe ndiye wa kwanza.

Mwanao,
Aneth


Mpunguzi
1 Aprili 2024

Kaka Batholomeo,

Shikamoo. Barua hii nampa Mwanahawa, anakuja huko Mlali mnadani kununua kuku. Usimsomee mtu.

Aneth ana mimba.

Hakuniandikia hivyo. Ameandika kwamba anatema. Asubuhi kabla ya kula anatema, mchana anatema, barabarani anatema. Anasema anatema mvinyo. Kaka, wewe umekunywa pombe yangu tangu hujaota mvi, umewahi kuona mtu anatia pombe nzuri mdomoni halafu anaitema? Hata mlevi akitapika anajuta. Nani atalima shamba zima, akamue, aweke kwenye pipa, halafu amwajiri mtoto wa watu aje kuutema? Ni uongo wa mtoto anayeona aibu, nami nauheshimu.

Endelea kusikiliza. Kitunguu kinamchefua. Anatamani ukali wa ukwaju. Jioni analala kama gogo. Na anakula udongo, kaka, ameandika kwa mkono wake, anaulamba shambani kwa watu wakati hapa sokoni Majengo vijiti vya udongo vinauzwa visafi kabisa. Halafu mwisho akasema kuna jambo, bado ni changa. Nimezaa mara moja tu lakini sikuzaa nikiwa nimelala usingizi.

Baba wa mtoto hajamtaja. Kuna mwenzake wa Chimwaga, Ebenezer, alikwenda naye huko Ufaransa kusomea udongo, anamtajataja. Sijui.

Ninachotaka ni hiki. Usimkemee. Unakumbuka baba alichonifanyia, na unakumbuka ni mlango wa nani uliofunguka. Mtoto wa kwanza anazaliwa nyumbani kwa mama, hilo halina mjadala, kwa hiyo atakuja, na akija akukute unacheka.

Mdogo wako,
Paskazia


Mpunguzi
7 Aprili 2024

Mwanangu Aneth,

Karatasi hii nimeipiga picha mwenyewe. Dorkasi nimemtuma chumvi. Kama imetoka imepinda ni mkono wangu.

Jambo lako nimelijua. Usiniulize nimejuaje. Na usijieleze, sitaki ujieleze.

Kuna kitu sijawahi kukusimulia, nilikuwa nangoja uwe mtu mzima, naona umekuwa. Mwaka ule wa tisini na saba nilipokuwa na wewe tumboni, miezi minne, nilitoka kuchota maji nikakuta sanduku langu limewekwa nje, juani. Baba yangu hakunitukana. Hakusema hata neno moja. Alikuwa amekaa ndani anakula, namsikia anatafuna. Mama alisimama mlangoni, akanitazama, akaingia. Nikatua ndoo, nikajitwisha sanduku, nikatembea mpaka kwa mjomba wako Batholomeo. Alikuwa kijana, hana hata kitanda cha pili. Akasema, "Umekuja na chungu?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kesho tununue, hapa watu wanapenda pombe." Ndivyo nilivyoanza kupika. Hakuniuliza kingine mpaka leo.

Siku ile nikasema, huyu akizaliwa akiwa wa kike, siku moja naye atakuja na jambo lake, na mimi sitamtolea sanduku.

Kwa hiyo nasikia unaogopa kuniambia. Usiogope. Nimekubali. Nasema kwa mdomo wangu, nimekubali. Lolote uliloamua liwe. Usilifiche, na usije ukaliacha kwa ajili yangu, hapo ndipo utakuwa umeniumiza. Na huyo anayekutunza huko, mwambie namshukuru, sina kinyongo naye.

Ila uje nyumbani kwanza kama desturi inavyotaka, tukushike. Mengine utaamua baadaye.

Usinyanyue mapipa.

Mama yako anayekupenda,
Paskazia


Beaune
17 Aprili 2024

Ebenezer, mambo vipi,

Barua hii nimeiweka ndani ya kasha la chupa, maana najua wewe kasha lazima utalifungua.

Mama amejua! Sikumwambia. Nilikuwa bado natafuta maneno, yeye akaandika "jambo lako nimelijua". Ni wewe? Kama ni wewe, nakusamehe, umenisaidia. Ile nafasi ya Madame: miaka mitatu hapa shambani, huku nasoma chuo chao cha mvinyo. Kwa siku ishirini nimekuwa nikiandika na kuchana. Nitamwambiaje mama yangu, ambaye ana mimi tu na anahesabu siku za Oktoba, kwamba Oktoba haipo? Naye, kabla sijaomba, ameandika nisije nikaliacha kwa ajili yake. Amemshukuru mpaka Madame. Nimelia mbele ya mapipa, Madame akafikiri mvinyo umeharibika.

Ijumaa natia sahihi.

Sasa kwa kuwa unarudi nyumbani mwezi ujao, nipelekee mama hii chupa Mpunguzi. Ni pinot noir ya shamba hili hili, ya mwaka 2012. Nataka aonje ile niliyoivuna mimi itakuja kuwa nini. Ishike kwa mikono miwili, usiitikise. Na umweleze kila kitu vizuri, kazi, chuo, miaka, mimi kwenye karatasi nakabwa. Vaa vizuri. Mjomba wangu Batholomeo hapendi kijana aliyechomekea nusu.

Aneth


Beaune
21 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Sanduku juani. Miaka yote hii hukusema, na kila Krismasi ulikuwa unampelekea babu mchele.

Asante, mama. Sikujua kama ungeweza kunikubalia, nami nilikuwa nimeshajiandaa kuacha. Ijumaa tulikwenda ofisini, nikatia sahihi, Madame akasimama shahidi. Sasa ni rasmi.

Mwezi ujao Ebenezer anakuja kwako na chupa. Mpokee. Yeye anajua kila kitu na atakueleza yote ana kwa ana. Chupa mkiifungua, iache ikae kwenye vikombe kama saa moja kabla hamjaonja. Usiihukumu kwa tone la kwanza.

Mwanao mwenye bahati,
Aneth


Chimwaga, Dodoma
12 Mei 2024

Aneth,

Nimekupigia jana mara saba hupatikani, uko shimoni na mapipa yako. Nakaa chini naandika, nitakutumia picha.

Nilifika Mpunguzi saa tano. Suti ile ya mahafali, tai, chupa mikono miwili kama ulivyoagiza. Napiga hodi, mama yako akatokea, akanitazama kuanzia viatu, akafunga kanga upya, akauliza kuelekea ndani, "Ndiye huyu?" Sauti ya kiume ikajibu, "Kwani unamsubiri mwingine mwenye chupa?"

Nikakaribishwa. Kigoda kimoja katikati ya sebule, wao kwenye makochi. Mjomba amevaa koti.

"Umekuja peke yako?" akaniuliza. "Huna mshenga?"

Nikasema nimekuja na bodaboda.

Akaniuliza kabila. Nikasema Mpare wa Same. Akamgeukia mama yako: "Mpare. Jiandae, tutabishana mpaka masika." Mimi nikacheka, nikijua ni utani. Hawakucheka.

Mama yako akavuta kiti karibu, macho yamejaa huruma, akasema, "Mwanangu, niambie ukweli, una miezi mingapi sasa?" Mimi nikajua anauliza mvinyo! Nikasema, "Huu una miaka kumi na miwili, mama, lakini ule wa Aneth una miezi minane." Akashika kichwa. "Minane! Na bado ananyanyua mapipa!"

Mjomba akanyoosha mkono. "Kabla ya maneno mengine, faini ni mbuzi wawili. Majike."

"Faini ya nini, mzee?"

"Ya kumpa mtoto wetu mimba."

Aneth, nilisimama kigoda kikaanguka. Nikaeleza kila kitu kwa mpigo mmoja: kwamba kutema ni kazi, udongo ni somo, ofisini ulitia sahihi ya ajira wala si ndoa, jambo lako ni chuo na shamba na miaka mitatu. Mjomba alicheka mpaka akakohoa, akanipiga mgongoni, akasema mbuzi amenisamehe mmoja.

Mama yako hakucheka. Pembeni yake kulikuwa na sweta ndogo ya njano, ya kufuma, bado ina sindano. Akauliza, "Miaka mitatu?" Nikasema ndiyo, mama. Akauliza tena, taratibu, kana kwamba mara ya kwanza nilikosea. Halafu akaingia ndani, hakutoka tena.

Nikasema basi nifungue chupa, labda itamchangamsha. Mjomba akanizuia mkono. Anasema kinywaji alicholeta mgeni mwenye ombi hakifunguliwi mpaka wenye nyumba wakubali ombi. Nikamwambia, "Lakini mzee, mimi sikuja kuposa." Akasema, "Ombi bado lipo. Limegeuka tu, na limekuwa zito zaidi." Akaiweka juu ya kabati.

Mwandikie mama yako. Leo.

Ebenezer


Beaune
13 Mei 2024

Mama,

Shikamoo.

Sina mimba. Ebenezer hana kosa lolote, ni kijana mwema na sasa anaogopa vigoda.

Nimerudia barua zangu zote na kuona zilivyosomeka. Mimi ndiye mwenye kosa. Nilisema "kuna jambo" badala ya kulitaja. Halafu uliponikubalia sikuuliza unakubali nini, kwa sababu nilitaka sana iwe hivyo. Nimechukua ruhusa uliyoitoa kwa kitu kingine.

Sasa nakuomba jambo lenyewe, kwa jina lake: miaka mitatu huku. Mvinyo ule niliouvuna utatiwa kwenye chupa mwakani, na Madame anasema kabla ya miaka mitatu hakuna anayejua umekuwa nini. Wavunaji wengi huvuna na kuondoka, hawajui walivuna nini. Mimi nataka kujua. Nataka kuuonja kila mwezi mpaka niuelewe, na nisome, na siku moja nije niifanyie hivyo zabibu ya Mpunguzi.

Sahihi yangu inaweza kufutwa mpaka mwisho wa mwezi wa sita, nimeuliza. Ukisema rudi Oktoba, narudi Oktoba, na sitanuna.

Aneth


Beaune
2 Juni 2024

Mama,

Hujajibu. Dorkasi ananiambia u mzima, lakini unapita kwake humsalimii, na kwamba hata ungo amerudisha hukusema kitu.

Niandikie hata kunigombeza.

Aneth


Mpunguzi
23 Juni 2024

Mwanangu Aneth,

Nimekuchelewesha. Kwanza nilikuwa na aibu. Watu wazima wawili tumemkalisha mtoto wa watu kwenye kigoda tunamdai mbuzi. Halafu ikaja hasira, halafu tena aibu, nikawa sijui niandike nikiwa na ipi.

Sikukasirikia miaka mitatu peke yake. Nilijikasirikia. Nimejiuliza kwa nini niliiamini ile mimba upesi vile, mimi niliyekulea, ninayejua ukisema natema basi unatema. Dorkasi mwenyewe alisoma barua yako (ndiyo, amekiri) na yeye alielewa kwamba ni mvinyo, aliona hata kwenye simu yake wazungu wakitema kwenye ndoo. Aliogopa kuniambia kwa sababu angekuwa amekiri kwamba anasoma. Mimi sikutaka kuelewa. Niliipenda ile mimba, Aneth. Niliipenda kwa sababu ilikuwa inakurudisha nyumbani. Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama. Nikashika sindano, nikafuma, nikawa najiambia nakuonea huruma kumbe nafurahi. Nilikuwa tayari uwe na aibu, uwe na shida, bora uwe hapa. Hilo ndilo lililonifanya nipite kwa watu bila kuwasalimia.

Sweta nimempa Zipora wa jumuiya yetu, mkwe wake amejifungua. Imemtosha mtoto.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilimwita Batholomeo na Dorkasi, nikaishusha chupa. Mjomba wako akaniuliza, "Umekubali, au una kiu?" Nikamwambia afungue. Hatuna kile chombo cha kuvutia kizibo, akakisukuma ndani kwa mpini wa mwiko, mvinyo kidogo ukamrukia kwenye koti, akaulamba hapo hapo. Tukamimina kwenye vikombe vya bati, tukasubiri saa nzima kama ulivyosema, Batholomeo ananung'unika kama mtu anayengoja nyama iive.

Tone la kwanza nilisema mwanangu ametapeliwa. Mvinyo mwembamba. Rangi yake unaona mpaka chini ya kikombe, nikajua wametia maji. Dorkasi akasema ni siki. Nikauacha, nikaenda kuchochea moto, nikarudi. Nikanusa kwanza kama ulivyoeleza. Kulikuwa na uyoga, ule unaoota kwenye kichuguu, ukiuchuma bado una baridi. Nikaonja. Udongo upo, kweli, hukusema uongo. Chini yake kuna tunda, lakini si tunda bichi, ni kama zabibu iliyosahauliwa kwenye mti mpaka ikajikunja na utamu wake. Nikameza, na baada ya kumeza ukawa bado unaongea. Pombe yangu ukishaimeza imekwisha, kinachobaki kiko kichwani. Huu umebaki mdomoni mpaka nimemaliza kuosha vyombo. Nilijaribu kuutema nione mnavyofanya. Nilishindwa. Hiyo kazi yako ni ngumu kuliko nilivyofikiri.

Halafu nikawaza. Pombe ya mtama siku ya tano ni tamu, siku ya saba ni pombe, siku ya tisa ni ya kumwagia nguruwe. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kukimbizana na siku ya tisa. Sikujua kuna kinywaji ambacho kungoja hakukiharibu. Kama ningekuwa kijana na mtu akanionyesha kitu kama hiki, ningetaka kukaa nikione mpaka mwisho. Hilo nimelielewa kwa ulimi, kwa barua nisingelielewa.

Dorkasi akaniuliza mbona nalia. Nikasema mvinyo ni mkali. Akasema si mkali hata kidogo. Nikamwambia basi nyamaza unywe.

Nisikudanganye kwamba imekuwa rahisi. Chumba chako nakifagia kila Jumamosi na sijui nafagia nini. Wiki zile mbili za likizo ambazo Ebenezer alisema kwamba unaweza kupata katikati, nazitaka, na nazitaka wakati wa mavuno ya Machi, siyo wakati wa kiangazi tukatazamane na vumbi.

Jana kwenye jumuiya, baada ya sala, Zipora akaniuliza mbele ya wote Aneth anarudi lini. Mwezi mzima swali hilo nimelikwepa. Nilijifanya kutafuta rozari, nikaipata, ikabidi nijibu. Nikasema bado miaka mitatu. Zipora akasema, "Pole, mama Aneth. Watoto wa siku hizi wanaaga tu, hawaombi." Nikasema, "Aliomba. Nimemruhusu mimi."

Nakuandikia upesi usije ukalisikia kwa Dorkasi. Safari hii najua nilichokikubali, nimekisema mbele ya watu kumi na wanne, na sikirudishi. Kaa, mwanangu.

Mama yako,
Paskazia